Onyesho la Kuchagua Mchele

Kosa langu lilikuwa la dole gumba. Ujumbe uliingia kwenye kundi la simu la wazazi wa darasa la Kiswahili, mrefu kama khutba, na mie nilikuwa nasonga ugali. Nikasoma mstari wa kwanza, "Assalamu alaykum wazazi wapendwa," nikaruka katikati, nikaona neno "vitafunio," nikajua ni yale yale ya kila mara: nani ataleta kachori, nani ataleta maji. Nikabonyeza dole gumba, nikarudi kwenye mwiko. Kumbe mwalimu alikuwa anauliza ni mzazi gani atakayetoa sebule yake wanafunzi wafanyie mazoezi ya tamthilia, awasaidie kuchagua maonyesho ya kuigiza, na awe mlezi wa kundi mpaka siku yenyewe. Vitafunio vilitajwa pembeni tu, kwamba mlezi atavitoa pia.

Wazazi wengine wote, watu wenye akili zao, walikuwa wamekaa kimya. Dole langu lilipotokea tu, wakafufuka. Mashaallah! Hongera dada! Mola akulipe! Maua, mioyo, viganja vya dua. Sikupongezwa hivyo hata nilipojifungua.

Inafaa mjue ni nani aliyepongezwa. Mie ni mtu wa ndani. Wenzangu wameletwa Dubai na kazi, mie nililetwa na ndoa, na tangu niliposhuka uwanja wa ndege nikaingia kwenye gorofa yetu ya Al Barsha, sijaona sababu ya maana ya kutoka. Lile duka kubwa ambalo watu wanapanda ndege kuja kulishangaa liko jirani kabisa na sisi. Nalijua paa lake, kupitia dirisha la jikoni. Elimu yangu ni kidato cha nne, Tanga, na daraja nililopata silitaji kwa kuilindia shule heshima yake. Somo nililolipenda lilikuwa fasihi, na katika fasihi nilipenda hasa ile sehemu ya kukaa nyuma na kusikiliza wengine wakisoma.

Mambo ya nje nilikuwa na waziri wake. Binti yangu ndiye aliyekuwa akishuka bakala, kiduka cha chini ya jengo, kuleta mkate na maziwa. Ndiye aliyezungumza na natur, mlinzi wa jengo, bomba likivuja. Ndiye aliyebishana kwa Kiarabu, Kiingereza na mikono na mtu wa pikipiki aliyetuletea biriani ya watu wengine. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya mlango, natikisa kichwa kuonyesha kuwa serikali inaunga mkono.

Sasa waziri alikuwa anataka kujiuzulu. Alikuwa amemaliza shule, na chuo kimoja cha uuguzi huko Tanga kimempa nafasi. Dada yangu, khalati yake, ndiye aliyemfuatilia, na akasema chuo kinangoja jibu kabla ya mwisho wa mwezi, ndiyo au hapana, wasichana wengine wako mlangoni. Hebu niambieni nyinyi. Kwetu watu wanauza shamba na ng'ombe juu ili mtoto wao afike Dubai. Wangu amezaliwa Dubai, amelelewa na kiyoyozi, hajui mbu ana meno au hana, na anataka kwenda Tanga kufunga watu vidonda. Aliponiambia mara ya kwanza nilikuwa nakaanga samaki. Nikamjibu bila kugeuka: "Tutaona, inshallah."

Inshallah ni neno tukufu, sitaki kuandikiwa dhambi. Lakini kila mtoto aliyekulia Ghuba anajua kuna inshallah ya msikitini na kuna inshallah ya mama. Ya mama, hasa ikitanguliwa na "tutaona," ni mlango uliofungwa taratibu ili usipige kelele. Mtoto akaenda kwa baba yake. Baba yake ana ofisi JLT, kwenye mnara wa vioo, kutwa nzima anaamua mambo ya watu. Akavua miwani, akafikiri sana, akasema: "Muulize mama yako."

Basi mtoto akawa anazunguka baina ya serikali mbili, moja inasema tutaona, nyingine inasema kaulize kule. Na mwezi unakwenda.

Darasa lenyewe liko Al Jaddaf, kila Jumamosi jioni, kwenye chumba cha mikutano chini ya mnara mmoja mpya. Mwalimu ni kijana wa Mombasa. Siku za kazi anasimama mapokezi ya hoteli akiwachekea wageni kwa lugha zote isipokuwa yake. Jumamosi anavua tai na kuwafundisha watoto wetu Kiswahili, lugha ambayo sisi wazazi tumeshindwa kuwafundisha tukiwa tunakaa nao nyumba moja. Alikuwa amewapa tamthilia ya zamani, nakala ya nakala, jalada limeng'oka, kwa hiyo mpaka leo hatujui mtunzi ni nani wala kitabu chenyewe kinaitwaje. Mna fundi cherehani, mkewe na binti yao. Mna harusi ya jirani, mna mawifi wanaorushiana maneno, mna mwizi wa bangili ya dhahabu. Kila kundi lichague maonyesho mawili makuu, liyaigize mbele ya darasa na wazazi, na litakalochagua vizuri zaidi lishinde.

"Onyesho kuu," mwalimu aliwaambia, "ni lile ukiling'oa, yaliyosalia yote yaanguka. Si lile lenye kelele nyingi, mwanisikia?"

Nilimsikia. Sikumsikiliza, lakini kumsikia nilimsikia.

Kundi langu lilikuwa la watu wanne. Alikuwapo binti yangu. Alikuwapo kijana mmoja ambaye wazazi wake ni wa Nairobi, mrefu mpaka anainama kupita mlango wetu. Alikuwapo msichana wa Kiganda, mama yake askari wa ulinzi huko JLT, na sauti ya mama huyo ameirithi yote. Na alikuwapo mjukuu wa jirani yangu wa mlango wa pili, bibi wa Kizanzibari ambaye familia yake imekaa Dubai tangu mchanga ukiwa mchanga. Mjukuu kalelewa na bibi, kwa hiyo kijana mdogo mwenye viatu vya taa anaongea kama mzee wa baraza aliyeng'oka meno.

Wakaketi kwenye zulia langu na nakala zao. Nikajiketisha juu ya kochi kama hakimu.

"Anti, sisi tunataka ile ya mwizi," akasema yule mrefu. "Ile iko na mbio, iko na vita. Mimi naruka dirisha natoroka na bangili."

"Dirisha gani?" akauliza msichana wa Kiganda. "Wewe ukisimama tu dirisha imeisha."

"Miye naona la mawifi," akasema mjukuu wa jirani. "Pale pana maneno. Watu watacheka wapasuke."

Binti yangu hakuinua kichwa. "Mimi nataka la mchele."

Ngoja niwaeleze la mchele. Ni kurasa mbili. Mama ameketi chini na ungo, anachagua mchele, anatoa mawe. Binti anakuja, anamwambia anataka kwenda bara akasomee ualimu. Mama hajibu, anachagua mchele. Binti anamwambia tena, mama anachagua mchele. Anamwambia mara ya tatu, mama anainuka, anavua kanga ya mabegani mwake, anampa. Basi. Hakuna bangili, hakuna dirisha, hakuna hata mtu mmoja anayetukanwa.

"Hilo si onyesho kuu," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma fasihi. "Ukilitoa hilo hakuna atakayejua limekwenda wapi."

"Likitoka, Mama," akasema binti yangu, "kwa nini baba anauza cherehani mwishoni?"

"Kwa sababu ya bangili."

"Bangili ilishapatikana kabla ya hapo."

Kurasa zikafunuliwa. Kweli, bangili ilishapatikana, ilikuwa kwenye pipa la unga.

"Anauza cherehani ili ampe mtoto nauli ya kwenda bara," akasema. "Na mawifi wanagombana kwa sababu mtoto anakwenda. Na harusi, yeye hayupo, ndiyo maana mama analia harusini. Kila kitu kimetoka hapo kwenye mchele."

Wenzake wakanitazama. Nikaona nimeshindwa kwa hoja, nikaenda kuleta sambusa. Ni njia niliyojifunza kwa wanasiasa wa kwetu, na huwa haishindwi. Siku hiyo ilishindwa. Walikula sambusa zote, kisha wakapiga kura, wakachagua la mawifi na la mchele. Yule mrefu alikubali kwa sharti awe wifi mkubwa.

Mjukuu wa jirani ndiye aliyerudi nyuma kidogo. "Lakini mbona huyu mtoto anamkabili mama'ke mwenyewe?" akauliza. "Hana mtu wa kumtuma?"

Hapo ndipo nikapata nafasi ya kung'ara. Nikawaeleza vijana hawa wa Ghuba kwamba swali ni zuri, kwamba mtunzi amekosea, kwamba kwetu mtoto hamwendei mzazi uso kwa uso kwa jambo zito. Anamtuma mtu mzima, mwenye heshima zake. Mtu huyo haji mikono mitupu. Anakaa, anakunywa chai, anauliza hali ya kila mtu wa nyumba mpaka ya paka, ndipo analitoa lile jambo polepole kama mwiba. Mzazi akikataa, anakuwa hakumkataa mtoto wake. Akikubali, anakubali kwa heshima ya aliyekuja. Hakuna anayevunjwa uso.

"Na akimkatalia mtu mzima?" binti yangu akauliza.

"Kumkatalia mtu mzima aliyekuja kwako na sahani? Labda uwe huna haya kabisa."

Alikuwa anaandika kwa penseli ukingoni mwa nakala yake. Nikafurahi. Nikajisemea moyoni, hatimaye mtoto anathamini mila zake.

Keshokutwa yake mlango ukabishwa hodi. Jirani yangu, yule bibi wa Kizanzibari, na sahani ya visheti imefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mume hajambo? Mtoto hajambo?"

"Hatujambo sote."

"Mamaako huko Tanga? Dadaako? Miguu ya mamaako?"

"Wazima, Bibi. Miguu inapanda na kushuka."

Akakaa, akanywa chai. Akaizunguka sebule yangu kwa macho, kama mtu aliyepewa orodha na sasa amefika mahali asipopaelewa. Akasema, "Na paka? Paka wenu hajambo?"

Sisi hatuna paka. Hatujawahi kuwa na paka, mwenye jengo hataki hata kasuku. Nikajua papo hapo mhadhara wangu ulikokwenda. Nikamtazama binti yangu. Alikuwa amezama kwenye kitabu cha hesabu ambacho mtihani wake ulishapita.

"Mtoto ana jambo," bibi akasema.

"Mtoto hana jambo, Bibi. Ana tamthilia."

"Kan'ambia habari ya Tanga. Habari ya kuuguza watu. Miye nimeona n'je nikusikilize, wajua tena."

"Ahsante kwa kuja, Bibi. Tutaona, inshallah."

"Inshallah ipi hiyo?"

Nikakumbuka nina kitu jikoni. Sikuwa na kitu jikoni. Nilisimama pale nakoroga sufuria ya maji baridi mpaka nikasikia mlango umefungwa. Visheti vilikuwa vizuri, nilivila kwa kujilazimisha, vyote, kimoja baada ya kingine.

Kwa hiyo nikaamua kupigana kwa njia nyingine. Nilimwandikia mwalimu ujumbe wenye heshima, nikamweleza kuwa kama mlezi wa kundi, na kama mtu mwenye mapenzi ya fasihi, naona onyesho la bangili lina mafunzo zaidi kwa vijana. Akanijibu kwa dole gumba. Nikangoja, hakikufuata kitu. Ndipo nikafahamu kuwa dole gumba katika mji huu maana yake ni kwamba mtu yuko kazini na kuna mgeni mbele yake anataka ufunguo.

Mazoezi yakaendelea sebuleni kwangu. Ungo tulikuwa nao, niliutoa Tanga siku ya harusi na tangu hapo unaning'inia ukutani kama picha ya rais. Tatizo lilikuwa mchele. Mchele wa Dubai unakuja kwenye gunia lenye zipu, umeoshwa, umepigwa msasa, jiwe halijawahi kupita hata mtaa wake. Msichana wa Kiganda, aliyekuwa mama, alikaa na ungo mbele yake, akasema, "Anti, nachagua nini sasa? Huu mchele ni safi kuliko mimi." Ikabidi wateremke wote wanne wakachukue vijiwe kwenye vyungu vya maua pale mlango mkubwa wa jengo. Natur akawauliza wanakwenda nayo wapi mawe ya watu. Binti yangu akamweleza kuwa ni ya kutia kwenye wali. Tangu siku hiyo natur ananitazama kwa huruma.

Na mimi nikatumia cheo changu. "Hapa mwishoni si kweli," niliwaambia kila mara. "Mama hawezi kuinuka tu akatoa kanga. Mama wa kweli angesema kuna kitu jikoni."

"Ndiyo, Mama," akasema binti yangu. "Tunajua."

Wenzake wakainamia nakala zao. Yule mrefu akapatwa na kikohozi.

Siku ya kuigiza nilivaa abaya yangu ya kutokea, ambayo kwa kutotoka haijachakaa. Tukafika Al Jaddaf mapema. Chumba kimejaa wazazi, kiyoyozi kinatugandisha kama nyama ya Australia. Mume wangu akajipatia kiti nyuma kabisa, karibu na mlango. Jirani yangu akaketi mbele, bakora baina ya magoti. Msichana wa Kiganda naye akaja, amefunga kitambaa shingoni, akafungua mdomo kunisalimu. Hakukutoka kitu. Sauti ile, ya urithi, imekwenda yote. Mpaka leo sijui kama ni mafua au ni njama, maana wa kuchagua mchele hahitaji sauti; nikimuuliza anacheka.

Mwalimu akanijia. "Mama, wewe ndiwe mlezi wao. Kila neno wewe walijua. Na mama mwenyewe hana neno hata moja, ni kuketi tu na kuchagua mchele."

"Mwalimu, mie si mtu wa jukwaani."

"Mama, ni kuketi."

Ni kweli kwamba kuketi ndiyo fani yangu. Nilikuwa bado nabisha pale kina mama wa nyuma walipopiga vigelegele, na ukishapigiwa vigelegele umekwisha.

Kundi la kwanza likaleta harusi, watoto wakacheza mpaka mmoja akadondosha kilemba. La pili likaleta bangili, mwizi akaruka dirisha, ambalo lilikuwa viti viwili. Kisha sisi na mawifi: yule mrefu alitokea amejifunga kanga mbili kwa sababu moja haikumzunguka, na mjukuu wa jirani akamtolea maneno ya kale ambayo nusu ya ukumbi hawakuyaelewa na nusu nyingine waliona haya. Bibi yake peke yake ndiye aliyesema "Ehee!" kwa kila neno, kama mtu anayesahihisha.

Kisha la mchele.

Nikaketi chini, kanga mabegani, ungo mapajani. Binti yangu akaja akasimama mbele yangu. Akasema maneno ya kitabuni: "Mama, nataka kwenda bara, nikasomee ualimu." Nikachagua mchele. Vijiwe vya vyungu vya Al Barsha ni vikubwa kuliko mawe ya kwetu, vinaonekana mpaka safu ya mwisho, kwa hiyo nilichagua kwa madaha. Akasema mara ya pili, kama ilivyoandikwa. Nikachagua. Nilianza hata kujiona naweza kazi hii.

Mara ya tatu hakusema yaliyoandikwa.

"Mama," akasema, "mwisho wa mwezi ni wiki ijayo. Khalati ameshanitandikia kitanda. Nilikuomba mwenyewe, nikamwendea Baba, nikamtuma mtu mzima na sahani. Sina mwingine wa kumtuma."

Mwalimu akafunua nakala yake, akafunua tena. Na mimi, wallahi sikukusudia, mdomo ulijiendea wenyewe kama miguu inavyojua njia ya chooni:

"Tutaona, inshallah."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kila mama mle ndani aliijua ile inshallah, kila mtoto alishawahi kuila. Walicheka mpaka wengine wakapangusa macho. Binti yangu hakucheka. Akakunja miguu, akaketi upande wa pili wa ungo, akauvuta kidogo ili tushirikiane, akaanza kutoa mawe.

"Sawa," akasema. "Nangoja."

Shida ya jukwaa ni kwamba halina jiko. Nilitafuta pa kwenda kuchungulia, hapakuwapo. Nikamtafuta mume wangu, nikamwona anasoma dari. Kanga ilikuwa mabegani, kitabu kilisema niivue, wanafunzi wote wanne walijua, mwalimu alijua, na mikono yangu ilijua. Nikaendelea kuchagua. Naye anachagua. Vidole vyetu vikawa vinakutana katikati ya ungo, vyake vina wino, vyangu vina vitunguu, na nikaona kuwa anachagua haraka kuliko mimi, wakati mimi sikumbuki kumfundisha. Jiwe la mwisho alilitoa yeye. Mchele ukawa mweupe, hakuna tena cha kushughulisha mikono.

Nikainuka na ungo wangu, nikatoka nje ya jukwaa, kanga mabegani.

Makofi yalivyopigwa, ungedhani nimefanya jambo. Mwalimu alikuwa anatetemeka kwa furaha. "Mwaona?" akawaambia wanafunzi. "Mwaona ule ukimya? Hakutoa kanga! Katuwachia wenyewe tufikirie! Huo ndio usanii!" Akatupa ushindi, kundi letu, kwa kuchagua onyesho lenye uzito na kulimalizia kwa namna ambayo hakuitarajia. Mjukuu wa jirani akanyoosha mkono, akasema, "Lakini mwalimu, hajamjibu," na hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu watu walishafika kwenye kachori.

Kina mama wakanizunguka. Dada, una kipaji. Dada, ulikuwa umejificha wapi? Nilijificha ndani, nilitaka kusema. Binti yangu alikuwa anakunja viti. Nilipompita akaniambia, kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mgeni wa baba yake: "Umeigiza vizuri sana, Mama." Njia nzima ya kurudi hakusema lingine. Tulipofika, mtu wa pikipiki alikuwa mlangoni na mkoba usio wetu, na waziri wangu akampita, akaingia chumbani kwake, akaniacha naye. Tulitazamana, mimi na yule mtu wa pikipiki. Nilitikisa kichwa. Hakuondoka. Mwisho nikauchukua mkoba, na ndiyo maana jioni ile tulikula chakula cha Kikorea.

Asubuhi yake sikuweza kukaa nyumbani, na hilo peke yake lingetosha kuitiwa daktari. Sahani ya jirani ilikuwa bado kwangu, na sahani hairudi tupu, kwa hiyo nikapika mkate wa kumimina, nikakata, nikavuka korido. Nia yangu haikuwa sahani. Nilikwenda kutafutiwa maneno mazuri. Nilitaka mtu mzima, mzazi mwenzangu, aniambie kuwa uchungu wa mama ni uchungu wa mama, kwamba mtoto mwenyewe bado mdogo, kwamba Tanga kuna joto.

Sitawaweka roho juu: jibu lilikwenda Tanga kabla ya mwezi kuisha, kwa simu, kwa sauti yangu mwenyewe, na dada yangu akaniuliza mara mbili kama ni mimi. Siku hizi chumba cha binti yangu kina ubao wa pasi. Anapiga simu Ijumaa, ananieleza habari za vidonda wakati nakula. Bakala nashuka mwenyewe, na muuzaji ameshangaa kugundua kuwa kumbe kwenye gorofa ile kulikuwa na mtu mwingine anayeishi. Ningependa sana kuandika hapa kwamba nilikaa nikafikiri, nikaamua kama mzazi mwenye hekima. Ingependeza.

Ukweli ni kwamba niliketi kwenye kiti cha jirani yangu, sahani ya mkate baina yetu, nikaanza kulia lia. Nikamwambia, Bibi, akienda nani atazungumza na natur? Nani atashuka bakala? Baba yake kutwa yuko JLT, mie nitakaa na nani mle ndani, kuta zitanizungumzisha? Nikamwambia kwamba si kuwa sitaki asome, nataka, lakini kwa nini asisome hapa hapa nikimwona, hata chuo cha kompyuta, hata cha nini. Nikamaliza, nikapangusa pua, nikangoja kupozwa.

Bibi alichukua kipande cha mkate, akakitazama juu na chini, akakila chote bila haraka, akajipangusa vidole. Ndipo akasema, na nayaandika yalivyotoka:

"Mwache mtoto ende zake. Ukitaka kitu cha kukaa nacho ndani, kanunue friji."